Jeshi limshikilie bila mashtaka, au apelekwe mahakamani? Ulinganisho kwa anayetakiwa kuchagua

Tangu Septemba 2001, Marekani imekuwa na njia kuu mbili za kumshughulikia mtuhumiwa wa ugaidi baada ya kumkamata. Ya kwanza ni kumweka chini ya jeshi bila kumfungulia mashtaka, kwa hoja kwamba ni adui wa vitani, na adui wa vitani hushikiliwa mpaka vita viishe. Ya pili ni kumfikisha mahakama ya kawaida ya shirikisho: asomewe mashtaka, ushahidi utolewe, ahukumiwe au aachiwe. Katikati zipo njia za mseto, nazo tutazigusa.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetakiwa kusimama upande fulani: mwanafunzi wa sheria anayejiandaa kwa mdahalo, mtetezi wa haki anayechambua muswada, mpiga kura mwenye asili ya Afrika Mashariki anayeishi Marekani na ana seneta wa kumwandikia. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Kwa karibu kila mtuhumiwa, mahakama ya kawaida ndiyo chaguo sahihi. Kizuizi cha kijeshi kina nafasi finyu, nayo ni ya mpiganaji aliyekamatwa kwenye uwanja wa mapambano. Tunasema hivyo kwa sababu haki ya mtu ni jambo zito, na pia kwa sababu ya kiutendaji ambayo wengi huisahau: uchaguzi huu hufanywa katika saa za mwanzo baada ya kukamatwa, na ukikosewa pale, hakuna jaji wala bunge linaloweza kuutengeneza vizuri baadaye.

Kosa moja, washtakiwa watano

Hakuna mahali njia hizi mbili zinapolinganishika vizuri kuliko katika mashambulizi ya 7 Agosti 1998 dhidi ya balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa watu 224: 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, wengi wao Wakenya na Watanzania waliokuwa kazini au wakipita tu barabarani.

Washtakiwa wanne wa mwanzo walipelekwa mahakamani moja kwa moja. Mohamed Odeh alikamatwa uwanja wa ndege wa Karachi siku ileile ya milipuko, akarudishwa Kenya. Mohamed al-Owhali alikamatwa Nairobi siku chache baadaye. Wote wawili walihojiwa Nairobi na maofisa wa FBI wakiwa pamoja na polisi wa Kenya. Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed alikamatwa Cape Town Oktoba 1999, na Wadih el-Hage alikuwa tayari anaishi Marekani. Kesi ilisikilizwa Manhattan. Tarehe 29 Mei 2001 jopo la raia 12 liliwatia hatiani wote wanne, na Oktoba mwaka huohuo kila mmoja akapewa kifungo cha maisha. Kutoka mlipuko hadi kutiwa hatiani ilikuwa chini ya miaka mitatu.

Wa tano ni Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, aliyekamatwa Gujrat nchini Pakistan Julai 2004. Alikuwa ameshashtakiwa New York hata kabla hajapatikana, lakini hakupelekwa huko. Alichukuliwa na CIA, akafichwa kwenye magereza yao ya siri kwa miaka miwili, akahamishiwa Guantanamo, gereza la jeshi la Marekani lililoko Cuba, Septemba 2006, na hatimaye akafikishwa New York Juni 2009. Kesi ilipokaribia kuanza mwaka 2010, shahidi aliyetegemewa sana alizuiwa kupanda kizimbani. Huyo ndiye ambaye upande wa mashtaka ulidai alimuuzia Ghailani vilipuzi vya TNT. Jaji Lewis Kaplan alimkataa kwa sababu serikali ilimfahamu shahidi huyo kupitia maneno aliyoyatoa Ghailani kwa kulazimishwa alipokuwa mikononi mwa CIA. Jopo likamwachia kwenye mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani kwa moja tu, la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali. Hilo moja lilitosha: Januari 2011 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Watetezi wa kizuizi cha kijeshi waliichukua kesi hii kama uthibitisho kwamba mahakama ni bahati nasibu, na muda mfupi baadaye Bunge la Marekani likapiga marufuku kutumia fedha za ulinzi kumhamishia mfungwa yeyote wa Guantanamo ndani ya Marekani, hata kwa ajili ya kesi. Tunaona walisoma matukio kinyumenyume. Aliyemwangusha shahidi yule hakuwa jaji. Ni ile miaka miwili ya mahojiano ya siri. Tazama wenzake waliohojiwa Nairobi mwaka 1998. Walipewa karatasi ya kuwafahamisha haki zao, iliyosema kwamba kama wangekuwa Marekani wangepatiwa wakili, ila kwa kuwa wako nje, hilo haliwezi kuahidiwa. Mawakili wao waliishambulia karatasi hiyo vikali, na jaji aliichambua neno kwa neno kabla ya kuyakubali maelezo yao. Mahakama ya rufani nayo ikakubali mwaka 2008. Karatasi yenye kasoro, iliyosomwa kwa mtu ambaye hajateswa, iliokoa ushahidi ambao baadaye mateso yaliupoteza.

Jeshi limepata wapi uwezo huu

Chimbuko ni azimio la Bunge lililotiwa saini 18 Septemba 2001. Linamruhusu rais kutumia nguvu dhidi ya waliopanga, waliotekeleza au waliosaidia mashambulizi ya Septemba 11, pamoja na waliowahifadhi. Halisemi chochote kuhusu kuweka watu kizuizini. Mahakama ya Juu ndiyo iliyosoma uwezo huo ndani yake, katika shauri la 28 Juni 2004 la Hamdi, raia wa Marekani aliyekamatwa Afghanistan. Hoja yake ni kwamba kumshika mpiganaji wa adui ni sehemu ya kawaida ya vita, hivyo ruhusa ya kupigana inakuja na ruhusa ya kushika. Ila mahakama ikaongeza sharti: raia wa Marekani aliyeshikwa lazima aelezwe msingi wa madai, na apewe nafasi ya kuyapinga mbele ya mwamuzi asiye na upande. Kikao hicho Hamdi hakukipata. Oktoba 2004 serikali ilimwachia aende Saudi Arabia baada ya kukubali kuuacha uraia wake.

Mtindo huo ukajirudia. Jose Padilla, raia mzaliwa wa Marekani, alikamatwa uwanja wa ndege wa O'Hare mjini Chicago Mei 2002. Mwezi uliofuata rais alimtangaza adui mpiganaji, na akapelekwa kwenye gereza la jeshi la majini huko Charleston, South Carolina. Alikaa huko takriban miaka mitatu na nusu, karibu miaka miwili ya mwanzo bila kuonana na wakili. Taifa zima liliambiwa kwamba alipanga kulipua bomu la mionzi. Shauri lake lilipokaribia Mahakama ya Juu, Novemba 2005, serikali ilimfungulia mashtaka ya kawaida Miami, na bomu la mionzi halikutajwa kabisa kwenye hati hiyo. Ali al-Marri, raia wa Qatar aliyekuwa akiishi Illinois, alishikiliwa na jeshi kuanzia Juni 2003. Mahakama ya Juu ilikubali kumsikiliza Desemba 2008. Miezi michache baadaye alishtakiwa mahakama ya kawaida, na shauri lake la kizuizi likafutwa bila kuamuliwa.

Kwa hiyo swali zito kuliko yote, kama jeshi linaweza kumshika mtu aliyekamatwa ndani ya Marekani penyewe, halijawahi kujibiwa na Mahakama ya Juu. Sheria ya bajeti ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2012, iliyotiwa saini 31 Desemba 2011, ilikuwa nafasi ya kulijibu. Kifungu cha 1021 kinathibitisha kwamba jeshi linaweza kumshikilia bila kesi, mpaka mwisho wa mapambano, mtu aliyekuwa sehemu ya al-Qaeda, Taliban au vikosi washirika, au aliyevisaidia kwa kiasi kikubwa. Katika Seneti, pendekezo la Mark Udall la kukiondoa lilishindwa kwa kura 38 dhidi ya 60. Kilichopita, kwa kura 99 dhidi ya 1, ni maneno ya Dianne Feinstein kwamba kifungu hicho hakibadilishi sheria iliyopo kuhusu raia, wakazi halali na watu waliokamatwa ndani ya nchi. Kila upande uliyapigia kura kwa sababu kila upande uliamini sheria iliyopo inaunga mkono hoja yake.

Ukisoma muswada wowote wa aina hii, anza na maneno mawili: "vikosi washirika" na "aliyesaidia kwa kiasi kikubwa". La kwanza halimo katika azimio la 2001, na orodha ya washirika hupangwa na serikali yenyewe. Al-Shabaab, kundi ambalo mwaka 2001 halikuwepo kabisa, liliingizwa mwishoni mwa mwaka 2016. La pili halina tafsiri ndani ya sheria. Mwaka 2012 jaji mmoja wa New York alikizuia kifungu hicho kwa hoja ya waandishi na wanaharakati waliosema hawajui mahojiano yao na makundi hayo yanaangukia wapi. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani iliondoa zuio hilo, ikisema walalamikaji hawakuwa na haki ya kufungua shauri.

Nini kinapimwa

Mahakamani swali ni: ulifanya nini? Kizuizini swali ni: wewe ni wa nani? Tofauti hiyo ndiyo inayozaa nyingine zote.

Katika mahakama ya shirikisho, aliyekamatwa lazima afikishwe mbele ya hakimu bila kucheleweshwa pasipo sababu. Hati ya mashtaka itoke ndani ya siku 30. Kwa kanuni kesi ianze ndani ya siku 70, ingawa kesi za ugaidi huongezewa muda mara nyingi kwa sababu ya wingi wa nyaraka. Mwendesha mashtaka anapaswa kumkabidhi mshtakiwa ushahidi unaoweza kumsaidia. Nyaraka za siri zina utaratibu wake tangu 1980: jaji huzisoma, kisha huamua kama mshtakiwa apewe muhtasari au maelezo mbadala yanayolinda siri bila kumnyima utetezi. Mwisho, watu 12 wakubaliane wote, pasipo shaka ya msingi.

Kizuizini hakuna kitendo mahususi cha kuthibitisha. Wafungwa wa kwanza walifika Guantanamo 11 Januari 2002, na hadi katikati ya 2004 hapakuwa na kikao ambacho mfungwa angeweza kujitetea mbele yake. Baada ya Mahakama ya Juu kuingilia kati, jeshi liliunda vikao vya maofisa watatu. Mfungwa hakuwa na wakili, alipewa ofisa wa kumsaidia. Ushahidi wa siri hakuuona, na ulichukuliwa kuwa wa kweli mpaka yeye auangushe. Utaupinga vipi ushahidi usiouona? Tarehe 12 Juni 2008, katika shauri la Boumediene, majaji watano dhidi ya wanne walisema vikao hivyo havitoshi na kwamba wafungwa wana haki ya kikatiba ya habeas corpus, yaani kumtaka jaji aulize serikali inamshikilia mtu kwa msingi gani.

Ushindi huo ulikuwa mkubwa, ila angalia kipimo kilichotumika baadaye. Serikali inatakiwa kuonyesha tu kwamba uanachama wa mfungwa una uwezekano mkubwa kidogo kuliko kutokuwa mwanachama. Ni kipimo cha kesi ya madai, kama ya mpaka wa shamba. Kisha mwaka 2011, katika shauri la Latif, mahakama ya rufani ya Washington iliagiza ripoti za kijasusi za serikali zichukuliwe kuwa zimeandikwa sawasawa mpaka mfungwa aonyeshe vinginevyo. Jaji wa chini alikuwa ameamuru Latif aachiwe. Amri ikatenguliwa, na Septemba 2012 alifia Guantanamo.

Hoja ya taarifa za kijasusi

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za upande wa jeshi, na haifai kupuuzwa. Inasema: ukimsomea mtu haki ya kunyamaza atanyamaza, na bomu la pili litalipuka. Seneta Lindsey Graham aliirudia mwaka 2011 kwa maneno makali, na ilisikika tena mwaka 2013 baada ya mashambulizi ya Boston.

Sheria ya kawaida ina jibu ambalo wengi hawalijui. Tangu 1984 Mahakama ya Juu inaruhusu polisi kuuliza maswali ya usalama wa umma kabla ya kumfahamisha mtu haki zake, na majibu yake yakatumika mahakamani. Umar Farouk Abdulmutallab, aliyejaribu kulipua ndege ikikaribia Detroit siku ya Krismasi 2009, aliulizwa kwa takriban dakika 50 namna hiyo. Baadaye alisomewa haki na akanyamaza. Kilichofuata ndicho cha kujifunza: FBI walikwenda Nigeria, wakawaleta ndugu zake, nao wakamshawishi. Akaanza tena kuzungumza. Oktoba 2011 alikiri mashtaka yote na akapata kifungo cha maisha.

Mahakama inampa mpelelezi kitu cha kubadilishana: mshtakiwa anayeshirikiana anaweza kupunguziwa adhabu, na wakili wake ndiye anayemweleza hivyo kwa lugha anayoiamini. Kesi ya balozi mwaka 2001 ilisimama kwa sehemu kubwa juu ya ushahidi wa Jamal al-Fadl, Msudani aliyeiacha al-Qaeda na kukubali kushirikiana. Kizuizi kisicho na mwisho hakina cha kubadilishana. Mfungwa asiye na tarehe ya kutoka hana sababu ya kuzungumza, na baada ya mwaka mmoja anachokijua kimeshachakaa.

Upo ukweli wa upande wa pili. Mpiganaji aliyeshikwa na askari kwenye handaki Afghanistan hakukamatwa na mpelelezi. Hakuna aliyepiga picha eneo la tukio, hakuna aliyefunga silaha kwenye mfuko na kuandika namba, na shahidi pekee ni askari ambaye kesho yuko mkoa mwingine. Kumtaka askari huyo aandae jalada la mashtaka kwa kila anayejisalimisha ni kumfanya asichukue mateka kabisa. Hapo kizuizi cha vita kina maana, kwa masharti ya Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949: ukiwepo utata kuhusu hadhi ya mtu, baraza lenye mamlaka likae, na mateka waachiwe mapambano yanapokwisha. Tatizo la Guantanamo ni kwamba kanuni ya handaki ilipelekwa Bosnia, Gambia, Thailand na Mombasa.

Siku ya kutoka

Tungependa msomaji akae hapa kuliko kwingine kokote. Kifungo cha mahakama, hata kirefu, kina tarehe, na hata cha maisha kina hukumu iliyoandikwa na inayokatiwa rufaa. Kizuizi cha kijeshi kinaisha vita vikiisha, na vita dhidi ya kundi lisilo na mji mkuu wala jemadari wa kutia saini mkataba havina siku ya kwisha.

Mbaya zaidi, hata serikali ikikubali kwamba mtu hana hatari, hatoki. Waiguru 22 kutoka China waliishia Guantanamo. Oktoba 2008 jaji aliamuru 17 waliobaki waachiwe waingie Marekani, kwa kuwa kuwarudisha China kungewaweka kwenye hatari ya mateso. Mahakama ya rufani ikaitengua amri hiyo. Ikabidi wagawanywe vipande vipande: Albania, Bermuda, Palau, Uswisi, El Salvador. Watatu wa mwisho walipokelewa Slovakia Desemba 2013.

Mkenya mmoja alikamatwa Mombasa mapema mwaka 2007 na kufikishwa Guantanamo Machi mwaka huo, bila kupitishwa mahakama yoyote ya Kenya. Hakushtakiwa kamwe. Mwishoni mwa 2021 bodi ya mapitio, inayoundwa na vyombo sita vikiwemo wizara za Ulinzi, Mambo ya Nje na Sheria, ilikubali kwamba hakuna haja ya kuendelea kumshikilia. Alirudishwa Kenya Desemba 2024. Yaani baada ya miaka zaidi ya 14 ya kushikiliwa bila kosa lililotajwa, alisubiri mingine mitatu baada ya kuambiwa anaweza kwenda. Januari 2025 Wayemeni 11 walihamishiwa Oman, baadhi yao wakiwa na kibali cha kutoka cha miaka mingi. Baada ya hapo walibaki wafungwa 15 kati ya 780 waliowahi kupita pale.

Kinachochelewesha ni utaratibu. Wizara ya Ulinzi lazima ilithibitishie Bunge kwamba nchi inayompokea itamsimamia. Nchi hiyo ijadiliwe, ikubali, isibadilike serikali katikati. Yemen ilizuiwa kabisa kwa sababu ya hali yake ya usalama, na mfungwa akabeba kosa la kuzaliwa huko.

Gharama nayo haina mjadala mrefu. Kwa mwaka 2018 Guantanamo iligharimu takriban dola milioni 540 kwa wafungwa 40, yaani zaidi ya dola milioni 13 kwa kila mmoja. Ghailani na wenzake wako kwenye magereza ya kawaida ya shirikisho, ambako hata ulinzi wa hali ya juu kabisa haukaribii hesabu hiyo.

Njia za mseto

Tume za kijeshi ndizo jaribio la kuwa na mashtaka bila mahakama ya kawaida. Zilianzishwa kwa amri ya rais Novemba 2001, Mahakama ya Juu ikazibatilisha Juni 2006 katika shauri la Hamdan, Bunge likazirudisha kwa sheria za 2006 na 2009. Hukumu zake ni chache, na kadhaa zimefutwa kwa sababu walioshtakiwa walihukumiwa kwa kosa, kutoa msaada kwa magaidi, ambalo halikuwa kosa la kivita walipolitenda. Hamdan mwenyewe, aliyekuwa dereva wa Osama bin Laden, alihukumiwa 2008, akatoka baada ya miezi michache, na mwaka 2012 hukumu yake ikafutwa. Khalid Sheikh Mohammed na wenzake walisomewa mashtaka ya Septemba 11 upya Mei 2012. Miaka zaidi ya kumi imekwenda kwenye hoja za awali, nyingi zikihusu kama maelezo ya Mohammed, aliyeteswa kwa kumwagiwa maji usoni hadi ahisi anazama mara 183 mwezi Machi 2003, yanaweza kusafishika. Makubaliano ya kukiri kosa yalifikiwa 2024, Waziri wa Ulinzi akayafuta, na Julai 2025 mahakama ya rufani ikaunga mkono ufutaji huo. Familia za waliokufa hazijaona kesi. Kama ungechagua njia moja ya kuepuka, epuka hii: inachukua ucheleweshaji wa kizuizi na kuuongezea udhaifu wa sheria mpya isiyojaribiwa.

Mseto wa melini ulifanya kazi vizuri zaidi, ingawa una doa. Ahmed Warsame, Msomali, alikamatwa Ghuba ya Aden Aprili 2011, akahojiwa kijasusi kwenye meli ya kivita kwa takriban miezi miwili. Kisha ukawekwa muda wa mapumziko, wakaingia wahojaji wengine wa FBI ambao hawakutumia lolote lililotangulia, wakamsomea haki zake. Aliendelea kuzungumza, na Julai akafikishwa New York, ambako baadaye alikiri. Miezi miwili bila jaji ni mingi mno, kwa maoni yetu, lakini kulikuwa na mwisho uliopangwa.

Uingereza ilichukua njia nyingine. Mwaka 2001 ilijipa uwezo wa kuwafunga wageni bila kesi kama hawawezi kurudishwa kwao. Desemba 2004 majaji wanane kati ya tisa wa Baraza la Mabwana walisema hilo linakiuka haki za binadamu, maana liliwabagua wageni huku raia wenye tishio lilelile wakiachwa. Leo polisi wanaweza kumshikilia mtuhumiwa wa ugaidi hadi siku 14 bila mashtaka, na jaji hukagua katikati. Ni muda mrefu, lakini unahesabika.

Mahakama nayo ina madhara yake

Anayechagua mahakama asijidanganye kwamba amemaliza. Kosa la kulisaidia kundi la kigaidi ni pana na linabeba hadi miaka 20, kwa hiyo washtakiwa wengi hukiri kwa hofu ya hesabu hiyo. Mshtakiwa anaweza kuwekwa peke yake, barua na wageni vikidhibitiwa, hata kabla hajahukumiwa. Khalfan Khamis Mohamed alikabidhiwa kwa FBI na Afrika Kusini kinyume cha sheria: Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilisema hakupaswa kutolewa bila ahadi kwamba hatapewa adhabu ya kifo. Kufikia siku hiyo kesi yake Manhattan ilikuwa inaelekea kwenye uamuzi.

Na mashtaka peke yake si kesi. Zanzibar inalijua hilo: viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya huko, walifunguliwa mashtaka ya ugaidi Tanzania Bara, wakakaa mahabusu miaka mingi bila dhamana, upelelezi ukiambiwa haujakamilika, hadi mashtaka yalipofutwa Juni 2021. Mtu mwenye hati ya mashtaka isiyosikilizwa yuko karibu sana na yule wa Guantanamo. Anayepigania mahakama lazima apiganie na ukomo wa upelelezi.

Ukiwa na muswada mkononi

Tafuta kwanza nani anaweza kushikwa, na wapi. Kama maneno hayatofautishi uwanja wa vita na mtaa wenye polisi na mahakama zilizo wazi, ukatae. Halafu tafuta muda wa kumfikisha mtu mbele ya jaji, uliotajwa kwa saa au siku. "Haraka iwezekanavyo" haitoshi kwa mtu aliye mikononi mwa jeshi, kwa sababu jeshi ndilo litakaloamua kinachowezekana.

Angalia nani anapima ushahidi na kama mfungwa anapata wakili anayeruhusiwa kuuona, hata kama yeye mwenyewe haruhusiwi. Angalia kama maelezo yaliyotolewa kwa kulazimishwa yamekatazwa moja kwa moja au yameachiwa "busara" ya ofisa. Mapitio yawe ya lazima kila baada ya miezi sita, na mzigo wa kuthibitisha ubaki kwa serikali kila mara, usihamie kwa mfungwa. Mwisho, dai kifungu cha kutoka: baada ya uamuzi wa kumwachia, siku ngapi, nani anawajibika, na anakwenda wapi kama nchi yake haimpokei. Miswada mingi ya aina hii hueleza kwa kirefu namna ya kumwingiza mtu, na kuhusu kumtoa haina hata mstari mmoja.